Usimfukue Aliyejifungia

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Juma hili lote nimekuwa nikimwaza kaa wa minazi. Nilimwona Chumbe, kile kisiwa kidogo karibu na mji wa Zanzibar. Giza lilipoingia alitoka msituni taratibu, rangi yake samawati inayoelekea zambarau, miguu ikigonga majani makavu kama mzee anayetembea na mkongojo. Wakubwa wao hufika kilo 4, na wakinyoosha miguu wanafika mita 1. Hukwea minazi. Nazi huifua makumbi uzi kwa uzi, akianzia upande wenye macho, kisha huivunja kwa magando.

Lakini hata huyu mwenye nguvu kuna wakati hana nguvu kabisa. Gamba lake halikui. Mwili ukishalijaza, hana budi kulivua. Basi hujiwekea akiba ya mafuta tumboni, akachimba shimo, akaingia, akaziba mlango. Humo gizani huvua gamba lote, hata la magando, akabaki laini. Nazi haiwezi tena, wala hawezi kujitetea. Mkubwa huweza kukaa humo zaidi ya mwezi. Tena gamba la zamani halitupi! Hulila kidogo kidogo, na chokaa iliyomo humsaidia kukaza gamba jipya. Ukimfukua kabla hajamaliza kazi hiyo, umemweka hatarini.

Someni tena 1 Wafalme 19. Eliya ametoka Karmeli, moto umeshuka mbinguni mbele ya Israeli yote, na sasa amelala chini ya mretemu akiomba afe. Malaika hakumkemea, wala hakumwuliza imani yake imekwenda wapi. Alimwamsha ale mkate na anywe maji, akamwacha alale tena. Akarudi mara ya pili, na chakula kile kile. Habari ya safari ilikuja baada ya usingizi.

Yupo dada mmoja katika ushirika wetu ambaye hajaonekana ibadani tangu tulipomzika mumewe. Tukasema amepoa. Nasema tukasema, kwa sababu nami nilisema. Nilimpigia simu mara tatu kumwuliza anarudi lini kwaya, na sikumwuliza hata mara moja kama analala. Bwana anisamehe. Nilikuwa na jembe mkononi, nikafukua.

Mwenye kujivua gamba hawezi kubeba sauti ya pili, wapendwa, wala zamu ya kufagia kanisa. Anahitaji mlango wake uheshimiwe, na mtu wa kupita na mkate.

Jana jioni nilikwenda kwake na mkate wa kumimina na chupa ya chai. Alifungua mlango nusu. Nilitaka sana kuuliza, nikajizuia.

"Nimekuletea chai, dada. Siingii."

Akaipokea chupa kwa mikono miwili. "Kesho utapita tena?" akaniuliza.

Nikamwambia nitapita.