Pasipoti ya Uganda haifuti deni la jeshi kule Eritrea

Ndugu zangu wenye asili ya Eritrea mnaoishi Kansanga na Kabalagala hapa Kampala, kabla hamjakata tiketi ya kwenda Asmara kuzika au kuoa, someni hili taratibu.

Sheria ya Eritrea ya mwaka 1995 inasema utumishi wa taifa, yaani jeshi la lazima, ni miezi 18: sita ya mafunzo, 12 ya kazi, kwa wenye miaka 18 hadi 40. Hayo ni maandishi. Tangu vita na Ethiopia vilipoanza mwaka 1998, watu wengi wamezuiliwa jeshini miaka mingi bila tarehe ya kuachiliwa.

Uganda inaruhusu uraia pacha, lakini ruhusa hiyo haiifungi Eritrea. Ukiingia kule, afisa atasoma mahali ulipozaliwa, na pamo ndani ya pasipoti yako ya Uganda. Akikuhesabu raia wake, ubalozi wa Uganda utakuwa na nguvu ndogo sana ya kukutetea. Ndivyo sheria ya kimataifa ilivyozoea.

Kuna kodi ya asilimia 2 ya mapato ambayo Eritrea huwadai watu wake wanaoishi nje, na waliotoroka utumishi hutakiwa pia kusaini fomu ya majuto. Hapo ndipo nawaomba sana mtulie. Ile fomu ni kukiri kosa na kukubali adhabu, wala si msamaha. Msisaini kabla wakili hajaisoma, na mbaki na nakala. Risiti ya kodi nayo haithibitishi kwamba umeachiliwa jeshini.