Ganzi ya miguu, na foliki asidi peke yake?

Majibu ya damu yametoka leo asubuhi: hemoglobini 7 g/dL (damu imepungua sana), chembe nyekundu kubwa kupita kawaida.

Mgonjwa alishaanzishiwa foliki asidi. Ganzi ya vidole vya miguu hakuna aliyeiuliza!

Hapo ndipo penye hatari. Foliki asidi hupandisha damu vizuri tu, huku upungufu wa vitamini B12 ukiendelea kula neva. B12 itangulie.

Amechomwa haidroksokobalamini (B12 ya sindano) miligramu 1 kwenye msuli. Kwa kuwa ana ganzi, itarudiwa siku moja ndiyo, siku moja hapana, hadi nafuu ifike kikomo, kisha kila miezi 2.

Potasiamu ipimwe siku za mwanzo; uboho ukianza tena kutengeneza damu, potasiamu huweza kushuka.

Wenzangu, kwenu B12 hupimwa kabla ya foliki asidi?