Sponji ya godoro na dawa yake ya moto

Hivi ushawahi kuona sponji ya godoro ikishika moto? Dakika chache tu chumba kizima kimejaa moshi. Ile sponji ni poliuretani, aina ya plastiki, na imejaa vitundu vya hewa kila mahali, sasa moto utake nini tena. Moshi wake ndo mbaya zaidi maana una kaboni monoksaidi na sianidi. Klabu ya Kiss kule Santa Maria, Brazil, Januari 2013, fataki ya bendi ilishika sponji ya kuzuia sauti kwenye dari, wakafa watu 242, wengi wao kwa moshi.

Njia iliyozoeleka ya kuikinga na moto ni kumwaga dawa kwenye mchanganyiko kabla sponji haijaumuka, basi. Zile za bromini na klorini zinaingia kwenye mwali wenyewe zinakamata chembechembe zinazouendeleza. Zinafanya kazi, sibishi, ila dawa yenyewe haijashikana na sponji, imo humo kama mpangaji asiye na mkataba, inatoka kidogo kidogo inaishia kwenye vumbi la sakafuni ambako watoto wanatambaa. PentaBDE, mojawapo ya hizo dawa za bromini, ilijaa kwenye makochi ya Marekani sababu ya kanuni ya California ya 1975 iliyotaka sponji ihimili mwali mdogo, ikaja kukutwa mpaka kwenye maziwa ya mama, na 2009 Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa kemikali sumu zisizooza, ukaipiga marufuku.

Mi napenda njia ya pili. Unachukua polioli, yaani ile nusu ya mapishi ya sponji inayokutana na nusu nyingine, isosianeti, unaifunga fosforasi kwenye molekuli yake kabisa, zikishaungana fosforasi inakuwa pingili ya mnyororo, haina pa kutokea. Joto likija inatengeneza asidi inayosaidia gamba la mkaa kujijenga juu, na fosforasi nyingine inapanda kuuzima mwali huko huko kwenye gesi. Ugumu wake upo kwenye ulaini jamani, sponji inabonyea na kurudi sababu minyororo ya polioli ni mirefu na inalegea, ukiichokonoa unaweza kupata kitu kigumu au kinachosinyaa kabla hakijakauka, na bei inapanda.

California yenyewe ilibadilisha kanuni 2013, siku hizi kochi linapimwa kwa moto wa kufukuta kama wa sigara, na kitambaa kizuri kinaweza kufaulu bila dawa yoyote. Kwa kochi la sebuleni sawa. Ila siti za basi la usiku, abiria wamelala na mlango ni mmoja, hapo nataka fosforasi iliyofungwa kwenye mnyororo hata kama siti itakuwa ngumu kidogo.