Umeme Ulipozimika Mkunazini

Ilikuwa Mei 2008, siku chache baada ya umeme kukatika Unguja nzima. Ulikuja kurudi baada ya karibu mwezi. Kazi yangu ilikuwa kunakili maandishi ya kumbukumbu zilizomo ndani ya Kanisa Kuu la Anglikana, Mkunazini. Nje majenereta yanaunguruma, ndani kiza. Nikawasha tochi.

“Zima hiyo, mwanangu,” akasema mzee aliyekuwa akilinda kanisa. “Leo ndiyo siku ya kuvitazama vioo.”

Alikuwa na haki. Kioo cha rangi huishi kwa mwanga unaopenya kutoka nje. Ukiwasha taa ndani, unaangaza upande wa kwako tu, na rangi zinapauka. Tulikaa kimya dakika kama kumi, macho yakazoea, na watakatifu wa Afrika walio nyuma ya madhabahu, wa Misri, Karthago na Ethiopia, wakakolea rangi. Kwa karibu utaona michirizi ya aina mbili. Ile minene ni madini ya risasi yanayoshikanisha vipande. Ile myembamba ya macho na ndevu ni rangi iliyochorwa juu ya kioo kisha ikachomwa tanuruni, na ikichomwa vibaya hubanduka, sura ikabaki haina macho. Adui mwingine ni nondo za chuma zinazoshikilia dirisha: hewa ya chumvi huzitia kutu, kutu hutanua chuma, kioo na jiwe vikapasuka. Kwa hiyo ukikagua dirisha la pwani, anzia pale nondo inapoingia ukutani.

Kwa picha, pima mwanga kwenye kioo chenyewe. Ukipima ukutani, kamera inadanganywa na kiza na dirisha linatoka jeupe kama shuka.

Mabamba ya shaba yalitaka tochi, lakini si ya kumulika usoni, maana shaba inakurudishia mwanga wote. Iegemeze tochi ukutani, imulike kwa ubavu. Kila herufi itatupa kivuli chake. Zilizokataa kabisa kusomeka ni zile zilizosuguliwa miaka na miaka kwa dawa ya kung’arishia. Usafi nao unakula maandishi. Kuna kumbukumbu ya mabaharia wa Uingereza waliokufa katika doria za kuzuia biashara ya watumwa, na msalaba uliochongwa kwa mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa mmisionari David Livingstone, kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo.

Madhabahu yamesimama mahali panapotajwa kuwa palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Soko la watumwa lililokuwa hapo lilifungwa 1873. Sakafuni ni duara la marumaru nyeupe lenye ukingo mwekundu, na wageni wengi hulikanyaga wakiwa wameinua shingo kutazama vioo. Askofu Edward Steere, aliyelijenga kanisa, amezikwa nyuma ya madhabahu tangu 1882. Paa lililopinda kama pipa alilolitaka yeye, wengi walisema litaanguka. Lipo.

Mzee akaichukua tochi yangu, akamulika nguzo za upande wa mlangoni. Kichwa chini, kitako juu: mafundi walizisimamisha hivyo askofu akiwa likizo.

“Hizo umeziandika?”

Sikuziandika, hazina maandishi. Yalibaki mabamba sita, na betri ilikwisha anza kufifia.