Matairi ya Honda ya mzee

Mzee alipiga simu kutoka Mgeta wiki chache kabla ya masika. Matairi ya Honda yake yalikuwa yamebaki vipara, na ile njia ya kupanda milima ya Uluguru haina huruma na tairi la kipara. Alistaafu kazi ya ubwana shamba akabaki na XL125S, pikipiki ya miaka ya themanini yenye gurudumu refu la mbele, na karoti na njegere zake zote zilishuka barabarani kwa pikipiki hiyo. "Mwanangu, nakuja Dar. Utanipeleka Kariakoo."

Nilimwomba kwanza asafishe rimu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa asome namba zilizogongwa kwenye chuma, kisha apime kwa rula nafasi iliyopo kati ya tairi la nyuma na cheni. Namba za ubavuni mwa tairi zinakueleza mtu wa mwisho alifunga nini. Rimu ndiyo inayosema gurudumu linaweza kubeba tairi gani.

Akashuka kwenye basi na karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne mfuko wa shati. Mwandiko ule ule wa ripoti za mazao: mbele 2.75-21, nyuma 4.10-18, rimu ya nyuma 1.85, nafasi ya cheni milimita 12. Kwenye tairi namba ya kwanza ni upana na ya pili ni kipenyo cha rimu, zote kwa inchi; 1.85 ni upana wa rimu yenyewe.

Duka la kwanza, kijana alimwamkia mzee vizuri, akashusha tairi la 3.00-18. "Shikamoo mzee. Chukua hili, bodaboda wote wanatumia." Kweli wanatumia, na kwenye TVS za mjini ndilo saizi yake. Lakini nililigeuza nikaonyesha namba 47 iliyoandikwa baada ya saizi. Hiyo 47 ni alama ya uzito wa juu linaoubeba: kilo 175 kwa tairi hilo moja. Gurudumu la nyuma la mzee linabeba sehemu kubwa ya uzito wa pikipiki, yeye mwenyewe, na gunia juu ya keria, tena kwenye mlima na mashimo. Isitoshe, lingeishusha pikipiki nyuma. Tukashukuru tukatoka.

Duka la pili walituletea nene, 4.60-18, na mzee alilipenda. Alilishika kashata zake, yale meno ya mpira, akasema hili litakula tope. Ilinibidi nitoe karatasi yake. Inchi 4.60 ni kama milimita 117 za upana, na 4.10 ni 104. Tofauti ni milimita 13, nusu yake inaangukia upande wa cheni, kwa hiyo zile 12 zinabaki tano na ushee. Cheni ikilegea, tope likijaa, mpira unaanza kuliwa na chuma. Halafu rimu ya 1.85 ni nyembamba: tairi nene ukilibana humo linavimba juu kama uyoga, na kwenye kona pikipiki inayumba. Mzee alisikiliza, akapiga hesabu yake mwenyewe kimya kimya kwa kidole kiganjani, akalirudisha.

La mbele ndilo lilitusumbua. Inchi 21 si saizi ya bodaboda, kwa hiyo maduka mengi hayaweki. Tulipopata 2.75-21, saizi ile ile ya karatasi, lilikuwa na vumbi la miaka na muuzaji alilisifu kuwa halijawahi kugusa lami. Nilitafuta tarehe ubavuni. Tangu mwaka 2000 matairi yanaandikwa tarakimu nne, wiki na mwaka. Hili lilikuwa na tatu tu. Lilitoka kiwandani kabla ya 2000! Nikalikunja kidogo kwa vidole gumba, na kati ya kashata nyufa zikafunguka nyembamba kama nywele. Mpira unazeeka hata ukikaa rafuni. Namshukuru Mungu mzee aliziona kwa macho yake, maana bei ilikuwa nzuri mno.

Mtaa wa nyuma tulikuta 80/90-21, jipya. Hapo 80 ni upana kwa milimita, na 90 ni kimo kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 72. Inchi 2.75 ni kama milimita 70, na matairi ya mtindo huo wa zamani yana kimo karibu sawa na upana. Kwa kimo ni kama saizi ile ile kwa lugha mbili, na kwa kuwa spidomita ya Honda hii inazungushwa na gurudumu la mbele, mwendo wake haukupotoka.

Nyuma tuliamua 3.50-18. Kwa namba linaonekana dogo kuliko 4.10, ila nalo ni la mtindo huo wa zamani wa kimo karibu sawa na upana, wakati 4.10 ni pana lakini fupi. Ukiyasimamisha bega kwa bega yanakaribiana urefu. Ubavuni liliandikwa 56, yaani kilo 224, na kwa rimu ya 1.85 linakaa bila kulazimishwa. Tulinunua na tyubu mpya zote mbili.

Fundi wa Mgeta aliyafunga, mshale wa ubavuni ukitazama mbele. Masika yale mzee hakukosa soko. Tairi la nyuma lilipokwisha, nilimpatia 4.10-18 mpya kabisa, saizi halisi ya kiwanda. Alilitumia msimu mmoja, akanipigia tena: anataka 3.50, eti jembamba linapasua tope na kufika kwenye udongo mgumu, lile pana linaelea juu. Yeye ndiye anayepanda mlima ule kila siku. Nikamnunulia 3.50.