Datashiti Isiyotaja Masharti ya Namba Zake

Wiki iliyopita niliunguza mosfeti mbili, yaani transista zinazotumika kama swichi za umeme, kwa siku moja, na kila ninapoipitia upya kazi ile naona kwamba tatizo lilianzia kwenye datashiti, yaani waraka wa kiwandani unaomweleza fundi kifaa kinastahimili nini na kiunganishwe vipi. Nilikuwa natengeneza kidhibiti cha pampu ndogo ya volti 12 inayotumia ampea 3, na mikrokontrola yangu, chipu inayoendesha programu, hutoa volti 3.3 tu za kuwasha geti, yaani mguu unaoifungua mosfeti. Waraka wenyewe ulikuwa na kurasa mbili. Ulitaja kwa herufi nene ampea 50, ukinzani wa omu 0.02, na volti 2 za geti kuanza kufunguka. Hapakuwa na grafu hata moja.

Kwa namba hizo, ampea 3 zingepoteza volti 0.06 tu, na joto lisingefika hata robo ya wati. Nilipopima nilikuta karibu volti 2 zinapotea kati ya dreni na sosi, miguu miwili ambayo mkondo hupita kati yake, yaani takribani wati 6 za joto katika kifaa kisicho na bamba la kupozea, nacho hakikumaliza dakika mbili.

Volti za kuanza kufunguka, kwa mosfeti nyingi za aina hii, hupimwa mkondo ukiwa maikroampea 250 (ampea 0.00025), kwa hiyo huonyesha pale mlango unapoachia ufa, wala si pale unapokuwa wazi. Omu 0.02 nazo hupatikana geti likipewa volti 10, si 3.3 zangu. Waraka makini huandika masharti hayo kando ya kila namba na kutoa kiwango cha chini na cha juu. Kwa mosfeti ya IRFZ44N, kwa mfano, kufunguka huanza popote kati ya volti 2 na 4. Aliyeandika waraka wangu aliichukua ile 2 akaiacha 4, na siwezi kuuita huo usahaulifu, kwa sababu mnunuzi hulinganisha namba za ukurasa wa kwanza. Hata zile ampea 50 hupimwa gamba la kifaa likiwa nyuzijoto 25, ilhali hapa Dar es Salaam mwezi Januari hewa ya kivulini peke yake hupita 30.

Kero nyingine ni mchoro wa miguu usiosema kama kifaa kinatazamwa kwa juu au kwa chini. Fundi aliyewahi kutumia transista za 2N2222 za plastiki anajua uzito wa jambo hili: PN2222A na P2N2222A zinafanana kwa umbo na karibu kwa jina, lakini miguu miwili, emita na kolekta, imebadilishana nafasi. Ukizigeuza, transista huendelea kufanya kazi kwa udhaifu, nawe unapoteza jioni nzima ukilaumu programu.

Mosfeti tatu zilizobaki nimezipima mwenyewe kwa pawasaplai ya kurekebishika, nikipandisha volti za geti nusu kwa nusu huku ampea 3 zikipita. Zote zilifunguka vizuri geti lilipovuka volti 7. Nimeiandika namba hiyo kwa kalamu juu ya ile 2 ya kiwandani, na kidhibiti cha pampu sasa kina transista ndogo inayolipatia geti volti 12 kamili.