Upepo ulioshuka darini

Jumatano, usiku

Siku tatu nimetembea kifua mbele kwa ajili ya darasa ambalo halijajengwa. Lipo kwenye ramani tu: mita 9 kwa 6, kimo mita 3, mahali ni Tanga, na kazi yangu ni kuangalia hewa itapitaje humo upepo wa kusi ukivuma. Jumapili hesabu ya kompyuta iliniambia hewa yote ya chumba inabadilika kila dakika moja. Dakika moja! Nikampigia simu dada anayechora ramani, nikamwambia tumepatia.

Leo mchana kaja, kaketi nyuma yangu, anatazama picha kwenye ParaView, programu ya kuonyesha matokeo ya hesabu. Nilikuwa nimepanga mishale ya kasi ya hewa, rangi zimekolea, nimejiandaa kusifiwa. Kimya. Kisha:

"Kaka, siku hizi kusi inashukia darini?"

Nikatazama. Kweli bwana, mishale inamwagika kutoka kipande kimoja cha dari kama mtu kafungua bomba la bafuni. Na dirisha la kusi, lile nililolipangia upepo, limezibwa. Ukuta mtupu.

Waliozoea kazi hii wameshacheka, wengine nitawaeleza. Dada anachora, ananitumia faili la STEP, lenye umbo zima la chumba. Mimi nalifungua kwenye Gmsh, programu ya kutengeneza wavu, nakikata chumba vipande vidogo vidogo, maelfu ya seli zilizoshikana, ndio wavu wenyewe, halafu nauhamishia OpenFOAM, programu inayokokotoa mwendo wa hewa, kwa amri ya gmshToFoam. Ila wavu haujui dirisha ni nini. Unajua nyuso na namba zake, basi. Mimi ndiye wa kusema 14 ni dirisha la kusi, hewa iingie kwa nusu mita kwa sekunde. 5, 6 na 7 ni madirisha ya upande wa pili, hewa itokee huko. Nyingine zote mpaka 40 ni kuta, sakafu na dari, hapapiti kitu.

Wiki iliyopita dada kaongeza nguzo mbili ukutani, kaleta faili jipya. Sikulifungua hata kulitazama. Nilibadilisha jina la faili kwenye skripti yangu ya zamani, nikaiendesha. Kumbe nguzo zimekuja na nyuso 8 za ziada, jumla zimekuwa 48, na Gmsh imehesabu upya. Dirisha sasa ni namba 22, liko katikati ya orodha yangu ya kuta. Namba 14 imeangukia kipande cha dari kati ya boriti mbili. Zile 5, 6 na 7 kwa bahati mbaya zilibaki palepale. Nasema mbaya kwa sababu nazo zingehama, picha ingevurugika kiasi cha kuonekana hata na mlinzi getini.

Linaloniuma zaidi ni kwamba niliulizwa. Nyuso za 41 hadi 48 hazikuwa na jina, na gmshToFoam huzikusanya yatima wa namna hiyo mahali pamoja na kuwaita defaultFaces. Nilipotaka kuanza hesabu, programu ikagoma: faili la kasi halina sharti la defaultFaces, yaani sijasema hewa ifanye nini hapo. Ilikuwa saa sita usiku. Nikaandika noSlip, yaani zichukuliwe kama ukuta, nikaenda kulala. Na zilikuwa kuta kweli! Jibu langu lilikuwa sahihi, ila sikujiuliza nyuso nane zimetoka wapi.

Baada ya hapo hakuna kilicholalamika. Makosa ya hesabu yalishuka taratibu, mstari mzuri kabisa kwenye grafu. Hewa inaingia darini, inatokea madirishani, sheria zote za fizikia zimetiiwa. Kipande kile cha dari kina mita za mraba 5.4. Dirisha ni mita 1.5 kwa 1.2, yaani 1.8. Nilikuwa nalipa darasa upepo mara tatu ya haki yake.

Jioni nimeandika skripti upya, bila kutaja namba. Naiambia Gmsh initafutie uso ulio ndani ya sanduku fulani, kuanzia hapa hadi pale, na sanduku nalipanua milimita moja kila upande maana desimali za kompyuta hazigusi mstari barabara. Jaribio la kwanza likarudi mikono mitupu: faili limesomwa kwa milimita, mimi nafikiri kwa mita, kwa hiyo sanduku langu lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele. Nikaweka OCCTargetUnit, kipimo ambacho Gmsh inasomea faili, iwe mita, dirisha likapatikana. Skripti inasimama yenyewe ikikosa uso au ikipata miwili. Halafu nikapima eneo la kila mpaka, yaani madirisha na kuta, kabla ya kuendesha chochote. Dirisha la kusi: 1.8. Nikalitazama hilo jibu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

(Kuta bado ni lazima kuzibadilisha kwa mkono kutoka patch (uso wa kawaida) kuwa wall (ukuta). Hilo nimeshalizoea, kama mlango wa gari unaofungwa kwa kubamiza.)

Hesabu mpya imekwisha saa tatu. Hewa inabadilika kila dakika tatu, mara 20 kwa saa. Si haba, ila kwenye kona nyuma ya nguzo hewa imelala fofofo.

Nimemtumia dada picha. Hakugusia ile dakika moja, namshukuru. Kanijibu tu kwamba basi atasogeza dirisha karibu na kona, na faili jipya limeshaingia.